Kuchagua Vifaa vya Kuziba Pancha kwa Tairi la Baiskeli Lisilo na Tyubu

Baiskeli nyingi zinazopita Kimandolu kila asubuhi, zikiwa zimebeba maziwa, ndizi au majani ya ng'ombe, hutumia tairi lenye tyubu ndani. Pancha ya tairi la namna hiyo humalizwa na fundi yeyote wa kando ya barabara: tyubu hutolewa, huzamishwa katika beseni la maji, mapovu huonyesha tundu lilipo, kisha kiraka hubandikwa kwa solusheni. Hata hivyo, baiskeli za milimani, mpya na za mitumba, zimeleta tairi la aina nyingine, ambalo upepo wake huzuiwa na tairi lenyewe likiwa limebana kwenye ringi. Kwa tairi hilo, beseni na kiraka cha tyubu havitoshi.

Tuchukulie mfano wa kijana wa Kimandolu anayewaongoza wageni kwa baiskeli katika vijia vya miteremko ya Mlima Meru. Ananunua boksi lenye picha ya baiskeli, analiweka mkobani bila kulifungua, na siku mwiba wa mgunga unapolitoboa tairi anakuta ndani ya boksi mna viraka vya tyubu pekee. Fundi yuko mbali, wageni wanasubiri, na ujira wa siku umepotea. Akilazimisha kuteremka na tairi lililolegea, linaweza kuchomoka kwenye ringi na kumwangusha. Somo hili linakusudia kumwepusha mnunuzi na hasara hiyo kwa kanuni moja: chagua vifaa kwa kufuata aina ya tairi na ukubwa wa tundu, si kwa kufuata picha iliyo kwenye boksi.

1. Hakiki tairi lako kwanza

Neno "tubeless" lililoandikwa ubavuni mwa tairi huonyesha kwamba tairi linaweza kutumika bila tyubu; halithibitishi kwamba tyubu haimo. Baiskeli nyingi huuzwa zikiwa na tairi la aina hiyo lililotiwa tyubu. Mwombe fundi alegeze upande mmoja wa tairi mtazame pamoja. Usipokuta tyubu, angalia kama ndani kuna kimiminika cha kuzibia. Kama kimekauka na kubaki utando, tairi hilo halina tena kinga yake ya kwanza.

2. Linganisha kifaa na tundu

Tundu dogo la mwiba huzibwa na kimiminika kinachotiwa ndani ya tairi. Aina nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa mpira, ambao hukauka baada ya miezi michache, na hukauka upesi zaidi penye joto. Kwa hiyo soma tarehe ya mwisho wa matumizi, tikisa chupa ili kuhakikisha kwamba haina mabonge, na uepuke chupa iliyokaa juani mbele ya duka.

Tundu la msumari au jiwe, ambalo kimiminika kimeshindwa kuliziba, huhitaji kamba ya mpira inayosukumwa kwa sindano maalumu kutoka nje, bila kulivua tairi. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Kamba za magari na pikipiki ni nene, na sindano zake ni kubwa. Zikitumika kwenye baiskeli hupanua tundu na zinaweza kutoboa utepe unaoziba matundu ya spoku ndani ya ringi. Kamba za baiskeli huwa na unene wa milimita 1.5 hadi 3.5 hivi. Seti nzuri huwa na unene wa namna mbili, pamoja na sindano inayolingana nazo. Bonyeza kamba kwa vidole: iwe laini na yenye kunata. Iliyokauka haitashika.

Mpasuko mrefu huhitaji kiraka cha tairi kinachobandikwa kwa ndani, na kazi hiyo ifanywe nyumbani au kwa fundi. Mpasuko mkubwa wa ubavuni hauaminiki hata baada ya kuzibwa. Tairi hilo libadilishwe.

Pamoja na vifaa hivyo, beba tyubu ya akiba yenye ukubwa wa gurudumu lako. Kabla ya kuitia, papasa kwa uangalifu upande wa ndani wa tairi. Tairi lisilo na tyubu huweza kutembea na miiba mingi ambayo kimiminika kimeizunguka bila wewe kujua. Kila mwiba uliobaki utaitoboa tyubu mpya.

3. Usisahau pampu na valvu

Tundu lililozibwa bila njia ya kurudisha upepo halikufikishi nyumbani. Baiskeli za milimani huwa na valvu nyembamba au valvu nene kama ya pikipiki. Pampu ya kituo cha mafuta huingia kwenye ile nene. Kwa ile nyembamba utahitaji kiunganishi kidogo. Hakikisha pampu yako inaingia kwenye valvu yako kabla ya kulipa, na usizidishe kiwango cha upepo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

4. Linda haki yako dukani

Mweleze muuzaji waziwazi: "Nahitaji vifaa vya kuziba tairi la baiskeli lisilo na tyubu." Usitaje jina la kampuni pekee. Mnunuzi aliyeeleza matumizi, akategemea ujuzi wa muuzaji, ana hoja yenye nguvu zaidi endapo bidhaa haitafaa kwa kazi hiyo. Fungua boksi na hesabu vilivyomo ukilinganisha na orodha iliyoandikwa. Dai risiti, na omba jina la bidhaa liandikwe kwa ukamilifu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Bango lisemalo "mali ikiuzwa hairudishwi" halimwondolei muuzaji wajibu wa kutoa bidhaa inayolingana na maelezo yake. Ikiwa hailingani, rudi dukani mapema ukiwa na risiti, boksi na kifaa chenyewe. Msipoelewana, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kama shaka yako ni ubora wa bidhaa, taarifa ipelekwe Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Maswali ya kujipima

(a) Je, nimethibitisha kwa macho kwamba tairi langu halina tyubu?
(b) Je, kamba na sindano nilizonunua ni za baiskeli?
(c) Kimiminika changu kilitiwa lini, na kitaangaliwa tena lini?
(d) Je, pampu yangu inaingia kwenye valvu yangu?
(e) Risiti yangu iko wapi?

Ukishindwa kujibu hata swali moja, lishughulikie kabla ya safari. Fanya pia jaribio moja la kuziba tundu kwenye tairi chakavu ukiwa nyumbani, ili siku ya pancha mikono yako iwe imekwisha kuizoea kazi hiyo.