Mfanyakazi Mgeni katika Marekani na Khabari ya Kupunguzwa Kazini

Yapasa ijulikane kwamba mgeni afanyaye kazi Marekani kwa ruhusa ya muda iitwayo H-1B, akataka makazi ya daima kwa njia ya kazi yake, kwa desturi haombi mwenyewe. Mwenye kumwombea ni tajiri wake. Na hapa ndipo asili ya taabu yote, kwani wengi hudhani maombi yale ni mali yao, na kumbe mwenyewe ni mwengine, awezaye kuyaacha siku apendayo.

Mlango wa kwanza ni Wizara ya Kazi. Tajiri huitangaza kazi, na asipopata mwenyeji aiwezaye na kuitaka, hupewa cheti. Gharama za cheti hicho na ujira wa wakili wake ni juu ya tajiri, wala hana ruhusa kumtoza mfanyakazi. Lakini kampuni ikiwa imewaondoa wenyeji wa kazi ile ile, au iliyo karibu nayo, katika upande ule ule, ndani ya miezi 6 kabla ya kupeleka maombi, sharuti iwape khabari na kuwatazama wao kwanza. Kwa sababu hiyo kampuni zipunguzazo watu mara nyingi husimamisha maombi haya, na mtu huambiwa angoje pasi na kosa lake.

Mlango wa pili ni ombi la I-140, lipelekwalo na tajiri katika idara ya uhamiaji. Likisha kukubaliwa, mtu hubaki na tarehe ya zamu yake, nayo ni siku kilipoombwa kile cheti cha kwanza, ila pakidhihiri udanganyifu au kosa kubwa. Na zikipita siku 180 tangu kukubaliwa, hatta tajiri akiliondoa, halibatiliki kwa hilo peke yake. Tajiri mpya ataanza tena tangu mlango wa kwanza, lakini zamu ni ile ile ya zamani. Si jambo dogo hilo: nafasi za njia hii ni kama 140,000 kwa mwaka, wamo na wake na watoto, wala haipewi nchi moja zaidi ya sehemu 7 katika 100. Mzaliwa wa India hungoja miaka mingi sana. Mzaliwa wa Kenya au Tanzania hafungwi na kadiri hiyo, japo foleni ya wote humpata.

Mlango wa tatu, I-485, mtu huuomba mwenyewe. Ukikaa siku 180 bila ya hukumu, sheria ya mwaka 2000 yamruhusu kuhamia kwa tajiri mwengine katika kazi iliyo sawa au mfano wake, asianze upya.

Aondolewaye kabla ya kufika hapo ana siku 60 kwa wingi, au pungufu ikiwa ruhusa yake yaisha mbele, apate tajiri wa kumwombea, au aombe ruhusa ya namna nyingine, au aondoke. Kwa desturi huhesabiwa tangu siku ya mwisho ya mshahara. Kiinua mgongo hakizizidishi. Tajiri aliyemwondoa kabla ya muda sharuti ajitolee kulipa nauli yake ya kurudi kwao, si ya mkewe na watoto.

Na kwa kuwa barua ya kukubaliwa I-140 hupelekewa tajiri na wakili wake, mwenye akili huomba nakala yake mapema, angali kazini, watu wangali wakisalimiana.