Pumu na Umri Inapoanza

Katika eneo la Msimbazi, Dar es Salaam, mtoto aishiye bondeni na mfanyakazi wa mashine ya kusaga nafaka karibu na soko la Kariakoo waweza kubanwa kifua kwa namna moja. Hata hivyo, chanzo cha pumu zao chaweza kutofautiana.

Katika pumu, kuta za njia za hewa mapafuni huvimba, misuli inayozizunguka hukaza, na ute huongezeka. Njia zikisha kuwa nyembamba, hewa hupita kwa shida, hasa wakati wa kutoa pumzi.

Utotoni. Pumu ianzayo utotoni aghalabu huambatana na mzio. Mwili hupambana na vitu visivyowadhuru wengine, kama vile utitiri wa vumbi la kitandani, mabaki ya mende, au kuvu. Mafuriko kama yale ya Desemba 2011 bondeni Msimbazi huacha kuta zilizolowa, ambazo kuvu humea kwa urahisi. Watoto wengi wa namna hii huwa pia na ukurutu wa ngozi, na wavulana huugua zaidi kuliko wasichana.

Ujanani. Wengi hupata nafuu wanapobalehe. Nafuu hiyo si lazima iwe kupona: njia za hewa zaweza kubaki nyepesi kuchokozeka, na moshi wa sigara au mafua makali yaweza kuirudisha pumu baada ya miaka mingi.

Ukubwani. Hapa wanawake huugua zaidi, mara nyingi pasipo mzio, na ugonjwa huwa mgumu zaidi kuudhibiti. Wengine huupata kazini, kutokana na vumbi la unga au la mbao. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alikwisha eleza maradhi ya kifua ya waokaji na wasagaji. Dalili kuu ni kifua kubana siku za kazi na kulegea siku za mapumziko. Mtu huyo akiendelea kuvuta vumbi lile lile, dawa pekee haitamtosha.

Yafaa ikumbukwe kwamba kikohozi cha wiki mbili au zaidi hudai pia kupimwa kifua kikuu, na kwamba dawa ya kuvuta ipunguzayo uvimbe haiachwi bila ushauri wa daktari, hata mgonjwa ajionapo mzima.

Maswali
1. Kwa nini nafuu ya ujanani si sawa na kupona?
2. Seremala aliyepata pumu akiwa na miaka 40 aulizwe nini kwanza?