Sista wa Kliniki ya Presha na Sukari

"Mzee, vidonge vyako unavinywaje?"

"Kichwa kikiuma ndiyo nakunywa, sista. Nikiwa sawa navipumzisha."

Maneno haya husikika karibu kila siku ya kliniki, na hapo ndipo kazi ya muuguzi inapoanza. Kichwa si kipimo. Mtu anaweza kutembea na presha ya 180/110 bila maumivu yoyote, huku mishipa ya ubongo na figo ikiharibika kimyakimya. Sista mzuri hamfokei mzee. Humweleza kwamba vidonge hivi ni vya kila siku, kisha hutafuta naye saa asiyoweza kuisahau, labda mara tu baada ya chai ya asubuhi.

Daktari unaweza kumwona mara chache kwa mwaka. Sista ndiye unayekutana naye kila tarehe ya kliniki. Muuguzi aliyesomea zaidi magonjwa haya huangalia vipimo vyako vinavyopanda na kushuka, hurekebisha dawa kwa mwongozo uliowekwa, na huandika rufaa panapohitajika. Marekani ilianza kuwafundisha wauguzi wa ngazi hiyo mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado. Jirani zetu Rwanda wana kliniki za magonjwa yasiyoambukiza zinazoendeshwa na wauguzi katika hospitali za wilaya.

Unapopimwa presha

Pumzika dakika 5 kwanza. Egemea kiti, miguu ikae chini bila kupishana, mkono uwe juu ya meza, na usiongee. Kahawa na sigara ziache nusu saa kabla. Ikionekana 140/90 au zaidi, kwa kawaida utapimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa una ugonjwa. Ukifungwa mkanda juu ya koti huku umetoka kukimbilia foleni, omba upimwe upya. Ni haki yako.

Vua viatu

Mwenye sukari asione haya hapa. Sista hukagua unyayo, kucha na katikati ya vidole. Kisha hukuambia ufumbe macho, akuguse kwa kijiuzi cha plastiki, nawe useme unapokihisi. Usipohisi, ganzi imeingia, na hata msumari unaweza kukuchoma usijue. Ndiyo maana atakusihi usitembee peku, ukung'ute viatu kabla ya kuvaa, na uangalie nyayo kila jioni. Kidonda kilichoonekana mapema huoshwa na kufungwa. Kilichofichwa kinaweza kuondoka na mguu, na inatuuma kuona mguu ukikatwa wakati ungeokolewa.

Mwambie ukweli

Kama fedha ya dawa ilikosekana, sema. Kama unatumia mitishamba, au dawa inakuletea kizunguzungu, sema pia. Unayetaka kufunga Ramadhani, mwone wiki 6 hadi 8 kabla, ili ajue kama ni salama kwako na dozi zipangwe kufuata futari na daku.

Usingoje tarehe

Mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, au kifua kubana: nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye sukari akitetemeka na kutoka jasho jingi, mpe maji yenye sukari akiwa bado anaweza kumeza, kisha mpelekeni akapimwe.

Siku ya kliniki njoo na daftari lako, vidonge vilivyobaki, na viatu vinavyovulika kwa urahisi.