Mota imeungua na breka haijakata: tatizo liko kwenye ovalodi



Leo tuweke mbegu na mbolea pembeni kidogo tuongelee umeme. Kijana mmoja mwenye ekari mbili za nyanya alinipigia asubuhi: "Bwana shamba, mota ya pampu imeungua, lakini breka haijakata. Imekuwaje?" Nyanya zilikuwa kwenye maua, na hapo maji yakikosekana siku chache tu maua yanapukutika. Kusuka mota upya ni gharama, ila mavuno yanayopotea wakati unaisubiri yanaweza kuzidi hiyo gharama.

Nilienda na fundi tukafungua boksi la stata. Mota ilikuwa ya fezi tatu, kilowati 5.5, na kibati chake kimeandikwa ampea 11. Breka ilikuwa ya ampea 32. Ovalodi ilikuwa ya kuanzia 12 hadi 18, na kitufe chake kimezungushwa mpaka 18.

Nikamuuliza ilikuwa hivyo tangu mwanzo? Akasema hapana. Mwanzo ilikuwepo ovalodi ya 9 hadi 13, imewekwa 11, ila "ilikuwa inakatakata ovyo", fundi aliyemfungia akambadilishia. Jamani, ile ovalodi haikuwa inakata ovyo. Ilikuwa inamwambia kuna tatizo, wao wakaifunga mdomo.

Kila kifaa na kazi yake

Breka inalinda waya dhidi ya shoti. Mota ikiwaka huvuta mara 6 hadi 8 ya ampea zake za kawaida kwa sekunde chache, kwa hiyo breka lazima iwe kubwa, la sivyo ingekata kila unapowasha. Ndiyo maana haiwezi kuilinda mota.

Kontakta ni swichi kubwa inayovutwa na koili. Unabonyeza kitufe kidogo, yenyewe inafunga fezi zote tatu kwa pamoja.

Ovalodi ndiyo mlinzi wa mota. Inapima umeme unaopita, na ukizidi kwa muda inakata koili ya kontakta.

Mota ya yule kijana iliungua hivi

Ndani ya kontakta, mguso wa fezi moja ulikuwa umeungua na kuwa mweusi. Ile fezi ilipita kwa shida, leo ipo, kesho haipo. Fezi moja ikikosekana, mota iliyokwisha kuanza kuzunguka haisimami. Inaendelea kuvuma huku fezi mbili zilizobaki zikibeba mzigo wote, na umeme wake unapanda hadi karibu mara 1.7. Chukua 11 zidisha kwa 1.7, unapata karibu ampea 19.

Sasa angalia: breka ya 32 inaona 19 ni kidogo. Ovalodi iliyowekwa 18 inaona imezidi kidogo mno, haikati. Mota inapikika taratibu. Ile ya kwanza iliyowekwa 11 ingekata mapema, na yeye angetafuta sababu akabadilisha kontakta tu.

Soma kibati kabla ya kununua chochote

1. Ampea. Nunua ovalodi ambayo ampea za kibati zinaangukia katikati ya vipimo vyake, kisha iweke kwenye namba ile ile ya kibati. Kwa ampea 11, ovalodi ya 9 hadi 13 inafaa. Ya 12 hadi 18 haifai hata ukiishusha mpaka chini.

2. Volti. Umeme wetu wa fezi tatu ni volti 400. Kibati kikisema 230/400, mota hiyo inaungwa sta, yaani nyota. Kikisema 400/690, inaungwa delta. Ukiunga delta mota ya 230/400 kwenye umeme wetu, inaungua muda si mrefu.

3. Kama stata yako inaanza kwa sta na kumalizia delta, mara nyingi ovalodi inakaa kwenye waya zinazoingia moja kwa moja kwenye mota. Hapo inawekwa ampea za kibati zidisha kwa 0.58. Muulize fundi wako ameifunga wapi.

Waya wa kuwasha na kuzima

Kwa koili ya volti 230, njia ni hii: fezi, fyuzi ndogo, ovalodi namba 95 na 96, kitufe cha kuzima, kitufe cha kuwasha, koili A1, kisha A2 kwenda nyutro. Mguso namba 13 na 14 wa kontakta unaungwa sambamba na kitufe cha kuwasha ili ukiachia kidole mota isizime.

Faida yake ni kwamba umeme ukikatika kontakta inaachia, na ukirudi mota haiwaki mpaka ubonyeze. Mkono wa mtu unaweza kuwa kwenye pampu muda huo. Fundi asikuruke 95 na 96 akisema "itafanya kazi tu". Itafanya kazi, ila bila mlinzi.

Kwenye njia hiyo hiyo ongeza vitu viwili: swichi ya boya ili pampu isizunguke kisima kikikauka, na rilei ya kuangalia fezi inayokata pale fezi moja inayoingia inapopotea.

Ovalodi ikikata, fanya hivi

Usibonyeze kitufe cha kurudisha mara tatu nne. Zima swichi kuu, hakikisha kwa tesa kwamba hakuna umeme, kisha zungusha shafti ya pampu kwa mkono. Ikiwa nzito, angalia beringi au uchafu uliokwama. Ikiwa nyepesi, fundi apime volti za fezi zote tatu kabla na baada ya kontakta, halafu ampea za kila waya. Fezi moja ikiwa tofauti sana na wenzake, umeshapata pa kuanzia. Pampu ikizunguka lakini maji ni kidogo, huenda inazunguka kinyume. Kubadilishana waya mbili za fezi kunatosha.

Kazi ya kufunga mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na asiondoke bila kuunga ethi kwenye bodi ya mota. Pale shambani unasimama kwenye udongo uliolowa, usifanye mchezo.

Wewe kazi yako ni moja: leo jioni zima umeme, fungua boksi, linganisha namba ya ovalodi na ya kibati. Zikiwa hazifanani, mwite fundi kabla ya kumwagilia kesho.