"LORD": MTUNZA MKATE

Vijana wetu wanaojifunza Kiingereza huimba "Lord", nao wakiulizwa maana yake husema "Bwana". Ni sawa, lakini tuchimbe mzizi.

Zamani, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, Waingereza walisema "hlaford". Lilitoka katika maneno mawili: "hlaf", ndiyo mkate, na "weard", ndiyo mlinzi. Basi bwana ni mtunza mkate wa nyumba. Mama wa nyumba aliitwa "hlaefdige", maana yake mwenye kukanda mkate. Ndipo likatoka "lady". Na mtumishi je? Katika sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, mwanzoni mwa karne ya 7, ameitwa "hlafaeta", mla mkate. Tazameni: mmoja analinda, mmoja anakanda, mmoja anakula. Jina halikutaja fimbo wala kiti. Baba anayeitwa hivyo huku kapu la nyumba ni tupu, jina lenyewe linamshitaki!

Wafaransa walipita njia nyingine: "Seigneur" ni la Kilatini "senior", aliye mzee zaidi. Wao walitazama umri.

Lakini watafsiri wa kwanza wa Kiingereza, walipomtaja Mungu, mara nyingi waliandika "dryhten", yaani mkuu wa kikosi cha vita. Neno hilo likafa pole pole, na mahali pake pakaingia lile la mkate, likiwa limekwisha kufupishwa vinywani mwa watu hata mkate wenyewe hausikiki tena ndani yake.