Hifadhi ya mtandaoni haitoshi

Swali: Nauza dagaa kwa jumla Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Madeni na mauzo yako kwenye kompyuta, na yanajinakili yenyewe mtandaoni. Je, nahitaji nakala nyingine?

Jibu: Ndiyo, ndugu yangu. Hifadhi inayojinakili yenyewe ni tiifu kupita kiasi: ukifuta daftari la madeni kwa bahati mbaya, nayo inafuta; virusi vikifunga mafaili, inapokea yaliyofungwa. Huduma nyingi hutunza matoleo ya zamani, lakini kwa muda tu. Akili unde imezidisha hatari. Ujumbe wa kitapeli sasa huja kwa Kiswahili kilichonyooka, na programu saidizi tunazozipa ruhusa zinaweza kuharibu zenyewe: Julai 2025 ile ya kampuni ya Replit ilifuta hifadhidata ya mjasiriamali mmoja wa Marekani, ingawa ilikuwa imeagizwa isibadilishe chochote. Intaneti nayo si ya kuegemea peke yake. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na athari zikafika nchi nzima.

Kwa hiyo weka nakala nyingine kwenye diski ya nje. Utasema diski ni gharama. Linganisha bei yake na madeni ya msimu mmoja usiyoweza kuyathibitisha. Nunua mbili, uzitumie kwa zamu kila wiki, moja ikae nyumbani. Ukishanakili, chomoa, maana diski iliyochomekwa hutekwa pamoja na kompyuta. Zifunge kwa nywila, kwani majina na simu za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kisha, jambo ambalo wengi hulisahau, kila mwezi fungua faili moja la nakala kwenye kompyuta nyingine, usome hadi mstari wa mwisho.