Kazi ya Tabibu na Mafunzo Yake

Katika zahanati nyingi za vijijini nchini Tanzania, mtu wa kwanza kumpima mgonjwa si daktari mwenye shahada, bali ni tabibu. Zamani aliitwa mganga msaidizi. Jina hilo laweza kumfanya mwanafunzi adhani kwamba kazi yenyewe ni kumshikia daktari vifaa. Sivyo. Mara nyingi uamuzi wa kwanza juu ya uhai wa mgonjwa umo mikononi mwa tabibu peke yake.

Asili ya kazi hii

Daktari husoma chuo kikuu miaka 5, kisha hufanya mazoezi hospitalini mwaka 1. Nchi iliyopata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wachache mno haikuweza kungoja. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mkazo ulielekezwa vijijini. Zahanati na vituo vya afya viliongezwa, na waganga wasaidizi wakafunzwa ili wavihudumie. Mkutano wa Alma-Ata ulipotangaza umuhimu wa afya ya msingi mwaka 1978, Tanzania ilikuwa imekwisha kuishika njia hiyo.

Mfano: mtoto mwenye homa

Mama amemleta mtoto wa miaka miwili mwenye homa na kikohozi. Kwanza tabibu huuliza na kutazama. Je, mtoto anaweza kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au kupoteza fahamu? Dalili moja tu kati ya hizo ni ya hatari: mtoto hupewa matibabu ya awali na kupelekwa hospitali bila kukawia.

Pili, huhesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa umri huu, pumzi 40 au zaidi huashiria nimonia; kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, kiwango ni 50. Kifaa kinachohitajika ni saa tu.

Tatu, huchukua tone la damu kidoleni kwa kipimo cha haraka cha malaria, ambacho hutambua protini za vimelea. Kipimo kisipoonyesha malaria, kazi haijaisha: hana budi kutafuta chanzo kingine cha homa. Anayetoa dawa ya malaria kwa mazoea huiacha nimonia iendelee.

Nne, hukokotoa dozi. Ikiwa mtoto ana kilo 12, na parasetamoli hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo, atahitaji miligramu 180. Kama dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, atapewa mililita 7.5. Nukta hiyo ikisahauliwa, mtoto hupewa dozi mara kumi.

Mafunzo

Mwombaji wa stashahada ya utabibu hutakiwa awe amemaliza kidato cha nne na kufaulu Biolojia, Kemia na Fizikia. Mafunzo huchukua miaka 3. Hujifunza maumbile ya mwili na utendaji wake, magonjwa, dawa, uzazi, upasuaji mdogo na afya ya jamii, akifanya mazoezi wodini chini ya wakufunzi.

Matazamio

Kuanzia mwaka 1963 tabibu mwenye uzoefu aliweza kusoma miaka 2 zaidi na kuwa daktari msaidizi. Wengi wao wamewafanyia upasuaji wa uzazi akina mama katika hospitali za wilaya. Mafunzo hayo yamesitishwa. Siku hizi atakaye kupanda huenda chuo kikuu kusomea shahada, iwapo stashahada yake ina alama nzuri na masharti mengine yametimia. Ajira hupatikana serikalini, katika hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi, lakini cheti pekee hakimhakikishii mtu nafasi.

Somo gumu kuliko yote ni kuujua mpaka wa uwezo wako. Tabibu ampelekaye mgonjwa mbele kwa wakati hajashindwa kazi; hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Maswali

1. Mtoto wa miezi 8 anavuta pumzi 46 kwa dakika. Je, ni za haraka? Eleza.
2. Kokotoa dozi ya dawa iliyotajwa hapo juu kwa mtoto wa kilo 16.
3. Kwa nini homa pekee haitoshi kuthibitisha malaria?